KUSADIKIKA YA SHAABAN ROBERT: MWACHE KIJANA WAKO AISOME, LAKINI USIMWACHE AISOME PEKE YAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Himdi zote ni za Allah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Leo darsa letu ni la kitabu cha hadithi. Najua wapo watakaoshangaa: sheikh ana nini na riwaya? Subirini, mtaona.

Mzazi mmoja wa huku kwetu bondeni ameniletea swali kwa simu. Kijana wake yuko kidato cha pili, asubuhi shule, jioni madrasa. Amemkuta anasoma kitabu kiitwacho Kusadikika, kinachosimulia nchi iliyo angani. Mzazi anauliza mambo matatu. Je, kusoma kisa cha kubuni si kushiriki katika uongo? Je, habari ya nchi iliyo angani haigongani na itikadi yetu? Na kama inafaa, itamsaidia nini mtoto ambaye likizo ikifika atakwenda shambani kuamia ndege kwenye mpunga?

Ni maswali mazuri, na hayakuulizwa kwa ubishi. Jibu langu fupi: mwache asome. Lakini kaa naye, maana kitabu kile kina uzuri mkubwa na kina kasoro, na kijana akiachiwa peke yake anaweza kuupita uzuri na kuibeba kasoro.

*KITABU CHENYEWE*

Kwa wasiokijua, nieleze kwa ufupi. Mwandishi ni Shaaban Robert, Muislamu mwenzetu, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Alikuwa karani wa serikali wakati wa Mwingereza. Alifariki mwaka 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru.

Alijulikana kwanza kwa mashairi. Mwaka 1951 ikachapishwa Kusadikika, riwaya yake ya kwanza kufika mikononi mwa wasomaji. Mwaka uliofuata ikatoka Adili na Nduguze. Ile nyingine, Kufikirika, aliiandika mapema lakini ilichapishwa mwaka 1967, mwenyewe akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo tunapoisoma Kusadikika tunasoma kazi ya mtu mzima, mtunzi aliyekwisha komaa, lakini mgeni katika riwaya. Kumbukeni hilo, litatusaidia mbele.

Kisa ni hiki. Iko nchi angani, mipaka yake ni pepo. Kijana mmoja jina lake Karama anashitakiwa mbele ya Mfalme na baraza lake. Kosa lake ni kuleta elimu ya uanasheria na kuifundisha. Mshitaki ni waziri, jina lake Majivuno. Karama anaomba muda wa kujitetea, anapewa siku sita. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja ambaye nchi ilimtuma mbali: pande za pepo nne, juu mbinguni, na chini ardhini. Kila mjumbe alikwenda, akapata taabu, akarudi na jambo la kuifaa nchi yake. Na kila mmoja, badala ya kushukuriwa, alitiwa kifungoni. Siku ya mwisho hukumu inatoka: Karama anaachiwa, na wale wajumbe nao wanafunguliwa.

Nimeusema mwisho wake makusudi. Kitabu hiki hakisomwi ili kujua nani ameshinda. Kinasomwa ili kujua ameshinda kwa nini.

*JE, HADITHI YA KUBUNI NI UONGO?*

Uongo ni kumwambia mtu jambo lisilokuwepo ili aamini kwamba lipo. Muuza mchele anayekuambia gunia zima ni mchele mpya kumbe chini kuna wa zamani, huyo ni muongo. Mtunzi anayekupa nchi yenye mipaka ya upepo hakukusudia uende ukaitafute. Amekupa mfano, na wewe unajua kuwa ni mfano. Hapo hakuna aliyedanganywa.

Qur'ani yenyewe inatufundisha kwa mifano, na inatuhimiza tuizingatie. Visa vya Qur'ani ni vya kweli, hilo tusilichanganye. Wala hatulinganishi maneno ya Allah na ya kiumbe. Ninachosema ni kwamba akili ya mwanadamu imeumbwa kupokea mafunzo kwa njia ya kisa na mfano, na wanavyuoni wetu walilijua hilo. Karne ya 8, Ibn al-Muqaffa' aliwaletea Waarabu Kalila wa Dimna, kitabu ambacho ndani yake wanyama wanazungumza kama watu. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat, visa vya mtu mjanja ambaye hakuwahi kuishi, na vikasomeshwa kwenye vyuo kwa ajili ya lugha na hekima. Mwenyewe alijitetea mapema kwamba lengo lake ni kufunza.

Wapo wanavyuoni walioona ni bora kujiepusha na visa vya kubuni, na wapo walioruhusu kwa masharti: pasiwe na ufisadi wa maadili, pasiwe na kuchezea dini, na mtu asisahau wajibu wake. Mimi naona kauli ya pili ina nguvu. Kusadikika inatimiza masharti hayo, isipokuwa sehemu moja inayohitaji maelezo, na nitaifikia.

*UZURI WAKE*

Uzuri wa kwanza ni shujaa mwenyewe. Karama hana pete ya bahati wala fimbo ya miujiza. Hana jini la kumtumikia. Tazameni vijana wetu wanachokitazama kwenye vibanda vya video na kwenye simu: filamu za wachawi wa Ulaya na Asia, zimetiwa sauti ya Kiswahili, na kila shida humalizwa kwa kuita nguvu fulani au kwa kupiga watu. Kijana anaondoka pale akitamani nguvu. Katika Kusadikika nchi ndiyo ya ajabu, mtu ni wa kawaida. Silaha yake ni ulimi safi, kumbukumbu na ushahidi. Anatukanwa, hatukani. Anatishwa na kifo, haombi radhi kwa jambo asilolikosea. Hilo ni fundisho ambalo mtoto wa Ifakara anaweza kulitumia kesho asubuhi.

Uzuri wa pili ni mpango wa utetezi wake, na hapa watu wengi hupita haraka. Karama hasemi, "Mimi ni mtu mwema, nisameheni." Anachukua habari za wajumbe sita na kuzipanga, siku kwa siku, mpaka baraza lenyewe lianze kuona kwamba tatizo halikuwa la mtu mmoja. Ukifunga mjumbe mmoja, watu wanaweza kusema alikosea. Ukiwafunga sita, na wote walirudi na kheri, basi ugonjwa uko kwa anayefunga. Hiyo ndiyo hoja, na ndiyo faida ya elimu aliyoshitakiwa nayo. Kijana anayeielewa amepata kitu ambacho wengi tuna mvi hatujakipata: kutenganisha malalamiko na hoja.

Uzuri wa tatu ni majina. Wazazi ambao watoto wao wanasoma Kiarabu, hapa pana darsa tayari. Wajumbe wanaitwa Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Buruhani ni hoja iliyo wazi. Fadhili ni hisani. Kabuli ni kukubali. Auni ni msaada. Ridhaa ni kuridhia. Amini ni mwaminifu. Sasa mwulize mtoto: nchi inayomfunga hoja, ikamfunga hisani, ikamfunga msaada, ikamfunga uaminifu, imebakiwa na nini? Imebakiwa na Majivuno kwenye kiti. Na sisi tunajua kiburi kilimfanya nini Ibilisi alipoambiwa asujudu.

Uzuri wa nne ni ujasiri wa kuandika. Mwaka 1951 nchi hii ilikuwa chini ya Mwingereza. TANU ilikuwa haijazaliwa, ilizaliwa Julai 1954. Karani wa serikali asingeweza kusimama sokoni akasema kwamba watawala wanawafunga wanaoitakia nchi mema. Wasomaji wengi wameelewa kwamba aliipeleka nchi angani ili aweze kuisema ya hapa chini, nami naliona hivyo. Aliyataka maneno yafike salama, akayavika nguo ya kisa. Mwenye hekima hujua wakati wa kusema na namna ya kusema.

Na wanaosoma Surat Yasin kila siku watakumbuka habari ya watu wa mji waliojiwa na mitume, wakawakadhibisha na kuwatishia mawe, na yule mtu aliyekuja mbio kutoka mwisho wa mji kuwaunga mkono. Hakuwa mtume, na hakuwa mkubwa wa mji. Alikuwa mtu aliyeona haki inaonewa, akakimbia kuelekea pale ambapo wenzake walikuwa wanapakimbia. Kijana akishalijua hilo, atamwelewa Karama upesi.

*KASORO ZAKE*

Sasa tuseme kweli. Mwandishi ni wetu, ni Muislamu, ni fahari ya Kiswahili, lakini hayo hayatufanyi tufumbe macho. Uadilifu tunaouhubiri uanzie hapa.

Kasoro ya kwanza inatokana na ule uzuri wa majina. Ukishamwita mtu Majivuno, umemaliza habari zake. Hana nafasi ya kutushangaza, wala kujuta, wala kuwa na sababu. Na Karama vivyo hivyo: ni mwema mwanzo, katikati na mwisho. Hatumwoni usiku akigeuka kitandani. Hatumwoni akifikiria kukimbia. Kijana wa miaka 15 ambaye moyo wake unatetemeka akiitwa na mwalimu atasema, "Huyu si mimi."

Tazameni Qur'ani inavyotusimulia habari za waja bora kabisa. Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni hakuficha hofu yake. Alisema kwamba anachelea kuuawa, kifua chake kinabana na ulimi wake haufunguki, akaomba nduguye Harun atumwe pamoja naye kwa kuwa ana ufasaha zaidi. Nabii Ya'qub (a.s.) alilia kwa huzuni mpaka macho yake yakafanya weupe. Hao ni mitume wa Allah, na Allah ametuonyesha hofu na machozi yao ili sisi wadhaifu tujue kwamba kuogopa si dhambi. Dhambi ni kuiacha haki kwa sababu ya kuogopa. Karama angepewa hofu kidogo, ushujaa wake ungekuwa mkubwa zaidi. Hapa naona mgeni katika riwaya: mtunzi wa mawaidha alimzidi nguvu msimulizi.

Kasoro ya pili ni uzito wa mwendo. Sehemu kubwa ya kitabu ni sauti ya Karama peke yake. Mjumbe anakwenda, anateseka, anarudi, anafungwa. Kisha mwingine, kisha mwingine. Nimeshasema kwamba marudio hayo ndiyo hoja, na sirudi nyuma. Lakini hoja inaweza kuwa sawa na msomaji akasinzia. Hotuba ni ndefu, na Kiswahili chake ni cha juu, kitamu kwa mtu mzima lakini kigumu kwa mtoto wa leo aliyezoea maneno mawili matatu ya kwenye simu. Wengi hukiacha njiani wakasema kibaya, kumbe hawakufika.

Kasoro ya tatu ni kwamba lile baraza ni la wanaume. Mshitaki, mshitakiwa, mfalme, wajumbe, wote wanaume. Binti anayesoma hapati mahali pa kusimama. Na Shaaban Robert huyu huyu alimtungia binti yake utenzi mzima wa mawaidha, na baadaye akaandika wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji mashuhuri wa Unguja. Alijua kwamba mwanamke ana akili na ana sauti. Katika riwaya yake ya kwanza hakumpa kiti.

Mabinti zangu, msidhani dini ndiyo iliyowanyima kiti hicho. Khawla binti Tha'laba (r.a.) alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kujadiliana kuhusu dhulma aliyofanyiwa na mumewe, na Allah akateremsha majibu yake mwanzoni mwa Surat Al-Mujadila, sura iliyopewa jina kwa majadiliano ya mwanamke yule. Malkia wa Saba katika Surat An-Naml anawakusanya wakuu wake na kuwataka ushauri, na rai yake ndiyo inayoonekana kuwa na busara kuliko zao.

Kasoro ya nne ni ule mwisho, nami naiona kubwa kuliko zote. Karama anaachiwa kwa sababu Mfalme ameelewa. Alhamdulillahi. Lakini je, Mfalme asingeelewa? Wale wajumbe sita walifungwa chini ya utawala huo huo. Karama ameleta elimu ya sheria ili haki isitegemee moyo wa mtu mmoja, na mwishowe haki ikapatikana kwa moyo wa mtu mmoja. Kitabu kinafunga mlango upesi, hakituambii nani atamzuia Majivuno mwingine. Msomaji mvivu atatoka na fundisho baya: kwamba mnyonge aseme vizuri, kisha amsubiri mkubwa mwenye huruma.

Kasoro ya tano ni ile niliyoahidi, ya itikadi. Mjumbe mmoja anatumwa mbinguni, kama vile mbingu ni nchi ya jirani ya kwenda na kurudi. Mtu mzima anajua kwamba ni mfano. Mtoto anaweza kuchanganya. Mwambie wazi: mambo ya mbinguni ni ghaibu, hatuyajui ila kwa alichotufundisha Allah na Mtume wake, na safari ya Israa na Miraji ni muujiza wa kweli aliopewa Mtume wetu, haulinganishwi na kisa cha kubuni. Sentensi mbili hizo zinatosha. Hakuna sababu ya kuchoma kitabu.

*KWA NINI KINATUHUSU SISI WA BONDE HILI*

Narudi kwenye swali la tatu la mzazi: kitamfaa nini mtoto wa mkulima?

Neno kusadiki asili yake ni Kiarabu, kutoka kwenye sidki, yaani ukweli. Ndugu yake ni sadaka, na ndugu yake ni Siddiq, lakabu ya Sayyidna Abubakar (r.a.). Makuraishi walipomwendea na habari ya Israa wakidhani atacheka, alisadiki. Lakini hakusadiki kiholela. Alimjua msemaji kwa miaka mingi, hakumjua kwa uongo hata siku moja. Kusadiki kwake kulisimama juu ya ushahidi.

Na bonde letu linajua gharama ya kusadiki kitu bila kukipima. Mwaka 1905 dawa ya maji kutoka kwa Kinjikitile wa Ngarambe ilifika huku. Mababu walikuwa na malalamiko ya kweli: kazi za kulazimishwa, mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko. Haki ilikuwa upande wao. Lakini waliambiwa kwamba risasi zitageuka maji, na Agosti mwaka huo wakaiendea boma ya Mjerumani kule Mahenge, na bunduki za mzinga zikawafyeka. Siwalaumu, walikuwa mashujaa na tunawarehemu. Ninawafundisha wajukuu zao: haki yako haitoshi kama hujaibebea Buruhani.

Leo dawa ya maji inakuja kwa ujumbe wa simu. Dawa inayoponya kila ugonjwa, mchezo unaozalisha fedha mara kumi, habari mbaya juu ya mtu inayosambazwa kabla haijathibitishwa. Surat Al-Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kijana aliyemsikiliza Karama kwa siku sita atauliza: ushahidi uko wapi?

Na liko jambo la ardhi. Mnajua jinsi ardhi ilivyo na thamani hapa kwetu. Mkulima anaitaka kwa mpunga, mfugaji anaitaka kwa ng'ombe, mwenye fedha anaitaka kwa miradi, na hifadhi nazo zina mipaka yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi ya kijiji mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe. Na mkutano mkuu ni nani? Ni kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Ni mwanao huyo, miaka michache tu ijayo.

Lakini niambieni: kwenye mikutano hiyo vijana wako wapi? Wengine wako kwenye bodaboda, wengine wamesimama nyuma chini ya mwembe na simu zao, wanasikia mashamba yanasomwa majina, wananyamaza. Jioni kijiweni ndipo wanaposema. Kijiweni kila mtu ni Karama. Mbele ya baraza hakuna hata mmoja. Kisha mwaka mmoja baadaye mzee anakuja msikitini analia kwamba shamba la baba yake limekatwa, na ukimuuliza nani aliidhinisha, anakujibu kwamba mkutano ulikaa.

Hapo ndipo kasoro ile ya nne inapogeuka kuwa somo. Katika Kusadikika, elimu ya sheria ilikuwa kosa la jinai na hukumu ilikuwa mkononi mwa Mfalme. Hapa kwetu sheria ipo imeandikwa, na mkutano ni wa wenyewe. Kijana wetu hahitaji kusubiri mfalme mwenye huruma. Anahitaji kusoma, kufika, kuinua mkono, na kusema kwa adabu: "Mwenyekiti, naomba muhtasari wa kikao kilichopita usomwe." Maneno hayo machache yana nguvu kuliko kelele za kijiweni za mwaka mzima. Na Surat An-Nisaa imetuamrisha kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Kwa hiyo asiinue mkono kumtetea mjomba wake tu. Siku mjomba wake ndiye aliyejiongezea mpaka, ainue mkono vilevile.

*MZAZI AFANYE NINI*

Mzazi mwenzangu uliyeuliza, na nyote mnaosoma:

1. Usimnyang'anye kitabu. Ukimnyang'anya atasoma kwa kujificha, na utakuwa umempa somo moja tu, kwamba vitabu ni haramu na simu ni halali.

2. Msome pamoja, siku moja ya Karama kwa jioni moja. Siku sita, jioni sita. Baada ya Magharibi mpaka adhana ya Isha panatosha. Kama macho yako hayaoni vizuri, au shule hukwenda, mwambie akusomee. Mtoto anayemsomea mzazi wake anapata kheri mbili.

3. Maneno magumu ayaandike pembeni. Mengi asili yake ni Kiarabu, ayalete madrasa kwa ustadhi wake. Yatamsaidia kwenye Qur'ani na kwenye mtihani wa Kiswahili.

4. Mwulize maswali manne. Karama alitoa ushahidi gani leo? Ungekuwa wewe, ungeogopa nini? Kama mjumbe yule angekuwa dada yako, kisa kingebadilika vipi? Na kama Mfalme asingeelewa, watu wa nchi ile wangefanya nini? Maswali hayo ndiyo yanayojaza pale mwandishi alipoacha pengo.

5. Swala isichelewe kwa sababu ya kisa. Hata kisa kizuri kinasubiri. Na akiwa dunguni anaamia ndege, kitabu mkononi ni sawa, lakini mpunga usiliwe kwa sababu ya Karama!

Nasi walimu wa madrasa tujiulize. Tunawafundisha watoto kuhifadhi, na ni kazi tukufu. Je, tunawafundisha kusimama na kueleza? Mtoto anaweza kuwa na juzuu kadhaa kifuani lakini akiambiwa ajitambulishe mbele ya watu kumi anatazama vidole vya miguu. Tuwape nafasi kila Alhamisi, dakika tano kila mmoja, wavulana kwa wasichana, asimame, atoe hoja moja na ushahidi wake. Haihitaji fedha wala mfadhili.

Hiyo ndiyo rai yangu. Kitabu hiki ni kizuri na hakikukamilika, kama kazi zote za wanadamu. Ukamilifu ni wa kitabu kimoja tu, mnakijua. Allah amrehemu Shaaban Robert, amsamehe alipoteleza, na amlipe kwa kila kijana aliyejifunza kwake kusema kweli kwa adabu.

Ewe Mola wetu, wape watoto wetu ndimi za kweli na nyoyo zisizokhofu ila Wewe. Walinde na kiburi wakipewa vyeo, na woga wakinyimwa. Zilinde ardhi zetu na dhulma, ituletee mvua ya kheri isiyo na mafuriko, na utubarikie mavuno yetu. Aamin.

Ukiona lina faida, mfikishie mzazi mwingine. Na kama kijana wako ameshakisoma, mwambie aandike hapa chini: katika wale wajumbe sita, ni yupi aliyemgusa zaidi, na kwa nini? Atoe ushahidi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.